Mama Mpishi na Supu Iliyorudishwa Jikoni

Jambo lote liligharimu shilingi laki moja na elfu tisini na mbili. Nimehesabu mara mbili. Gari la kukodi kutoka Rubondo mpaka Mbarara na kurudi, elfu sabini. Viatu vya Mama Mpishi, kwa sababu alisema hawezi kukanyaga vigae vya watu na kandambili, elfu ishirini na tano, na vilianzia arobaini. Vikopo viwili vya kufungia chakula tulichokikataa, elfu nne. Na bili ya hoteli elfu tisini na tatu, ambayo nayo ilianzia laki moja na themanini na sita. Niliikata katikati nikiwa nimesimama, mbele ya meneja mwenye tai, nikatoka pale kifua mbele.

Ile nusu niliyoikata nilidhani nimeiokoa. Kumbe niliihamisha tu, kutoka mfuko wangu kwenda mfuko wa mtu mwingine. Nitafika huko.

Ninayemwandika ni mwanamke wa Kirundi wa kule Rubondo, makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Jina analo, la ubatizo na la nyumbani, ila Rubondo nzima humwita Mama Mpishi, na yeye mwenyewe aliniomba nisiandike jingine. Ni mfupi, Mkatoliki, mikono yake mikubwa kuliko mwili. Kwa miaka yote ninayomjua, hakuna harusi, ubatizo, komunyo wala matanga ya mtaa wao yaliyopikwa na mtu mwingine. Wiki tatu kutoka leo anaoza mjukuu aliyemlea tangu wa kubebwa mgongoni. Watu mia mbili wamealikwa. Hotelini tulikwenda kula tu, nikarudi na swali la nani atashika mwiko siku hiyo.

Mimi ni Mrundi pia, Mwislamu, mnunuzi wa maharage. Nanunua kwa wakulima wa makazi, napitisha mji mdogo wa Kaberebere, nauza Mbarara, na nyumba yangu iko Kakiika, pembeni mwa mji huo. Siku za sherehe mimi ni mchinjaji wake. Huniita ili mbuzi apite kwenye kisu cha Mwislamu na wageni wote wale sufuria moja. Padri mmoja aliwahi kumuuliza kwa nini anajisumbua. Alimjibu kwamba Mungu ni mmoja na kuni ni chache, hapiki mara mbili.

Nilipofika Nakivale nilikuwa na begi moja na simu isiyo na chaji. Nilikula kwake miezi mitatu na siku kumi na moja. Idadi naijua kwa sababu nilikuwa nikihesabu, kwa hofu kwamba naye anahesabu. Hakuwa anahesabu. Siku niliyompelekea pesa za gunia langu la kwanza aliziangalia, akaniuliza kama nimekula, akanipa sahani, na zile pesa zikabaki kwenye kigoda mpaka nikaondoka nazo.

Basi nikamwahidi kitu ambacho hangeweza kunirudishia kwenye sahani. Nilimwambia siku moja nitamketisha mezani, hoteli ya maana pale Mbarara, apikiwe na mtu mwingine. Kwa sababu nilikuwa nimeona jambo. Huyu mama hapikiwi. Kwenye sherehe hagusi chakula mpaka wageni waondoke, kisha hula ukoko amesimama, huku akiosha. Nyumbani, hata akiwa na homa, humfukuza mjukuu wake jikoni. Kila mwaka nilimkumbusha ahadi, na kila mwaka alinijibu neno lile lile: akae chini, mtu ampikie, yeye amekufa?

Sokoni alikuwa hatari. Kupatana bei nimejifunza kwake, wala si kwa Waislamu wa Mbarara kama watu wanavyodhani. Hasemi punguza. Huweka kikapu chini, huinua nyanya moja, huiangalia kwa huruma kama mtoto mgonjwa, kisha humuuliza muuzaji ilianza kuumwa lini. Nimewaona wanaume wazima wakishusha bei ili tu anyamaze. Lakini kazi yake mwenyewe haikuwa na bei. Wenye sherehe wakimuuliza wamlipe nini, alisema watakachoona, na wao kwa kawaida walikuwa hawaoni vizuri. Harusi moja nilichoka nikamsemea mimi. Nikapata bei nzuri, nikamkabidhi noti mkononi. Kabla ya jioni alikuwa amempitishia mama wa bibi harusi nusu yake kwa mlango wa jikoni. Nilipomuuliza akasema yule mama ana watoto wengine wa kuoza.

Alikuwa akigombana na kuni kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, mkono mmoja ukiwa na rozari. Rozari yenyewe aliisali kwenye maharage: kila punje anayoichambua, Salamu Maria moja, kila jiwe analolitupa, hasemi kitu. Nilimwambia ananiharibia biashara, kwa sababu magunia yangu yangempa sala chache na mawe mengi. Akacheka mpaka akapoteza hesabu, akaanza upya.

Ila ukitaka kumjua kweli, mwangalie anapoonja.

Kwetu Burundi, ukimletea mgeni kinywaji unapiga funda wewe kwanza, mbele ya macho yake, ndipo unampa. Anajua hakuna kibaya ndani. Marehemu baba yangu hakunywa pombe, lakini hata soda ya mgeni aliionja. Mama Mpishi aliichukua desturi hiyo akaitia kwenye sufuria. Kabla ya kugawa, watu wakiwa wameshapanga mstari, husimama wazi wote wamwone, hudondosha mchuzi kidogo kwenye kiganja, hulamba, hufumba macho. Ukimsemesha hapo atakwambia, "Ngoja, nasikiliza." Kisha hugonga ukingo wa sufuria mara mbili kwa mwiko, na watu wanakula. Au huulaza mwiko juu ya mdomo wa sufuria, na hakuna anayekula.

Nimeuona mwiko ukilala mara moja tu. Ilikuwa harusi kubwa, na nyama haikuwa ya mbuzi wangu. Ilikuwa ya ng'ombe aliyenunuliwa ameshakatwa. Alionja, akasikiliza, akaulaza. Bwana harusi alitaka kulia. Wajomba walisema huyu mama ana wivu. Yeye akamwaga sufuria tatu kwenye shimo, akafukia kwa jembe, yeye ambaye akiona punje ya wali chini huiokota. Watu wakala maharage matupu na hasira. Kesho yake tukasikia kwamba nusu nyingine ya ng'ombe yule ililiwa kwenye sherehe ya kijiji cha jirani, na wale wageni nao walikuwa wamepanga mstari, ila wao wa choo.

Tangu siku ile hapana mtu wa Rubondo anayetia mdomoni kitu ambacho Mama Mpishi amekiweka kando. Hata kidogo, hata kwa siri. Kuonja baada yake ni kumwambia mbele za watu kwamba ni mwongo. Na kitu alichokigongea mwiko mara mbili, unakula, unashukuru.

Ndiyo maana kwenye ubatizo wa mapacha, mwaka huu, tulikula. Mwiko uligonga mara mbili kama kawaida. Nilipotia tonge la kwanza, maharage yalinishika koo kwa chumvi. Nikasema moyoni mdomo wangu unaumwa. Mzee niliyekaa naye mkekani akaniambia anahisi malaria inamnyemelea, ulimi umekuwa mchungu. Wa tatu akasema ni zile dawa za minyoo alizomeza asubuhi. Tulikuwa wagonjwa wote siku ile. Tukala tukamaliza, tukanywa ndoo nne za maji, tukaenda nyumbani kila mmoja akiwa na ugonjwa wake.

Wiki mbili baadaye simu yangu ikalia. Alikuwa Mama Mpishi, ambaye hapigi simu. Hubip tu, anakata, unampigia wewe. Safari hii alikuwa ametia salio.

"Ile hoteli yako," akasema, "ingali fasi yake, pale pale?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Miaka sita ya kukataa, na sasa yeye ndiye anayeuliza. Alitaka kwenda wiki ile ile. Kuhusu bei hakuuliza, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka, kwa sababu huyu ni mtu anayeuliza bei ya maji ya kisima.

Nilimfuata na gari la kukodi, na njiani alizungumzia harusi ya mjukuu tu. Alisema hiyo atapika mwenyewe, kisha ataweka mwiko chini apumzike, lakini hiyo haitoi kwa mtu. Aliisema mara tatu. Dereva akadhani tunagombana.

Hoteli sitaitaja. Mgahawa uko ghorofa ya juu, vioo kila upande, na viti vizito kiasi kwamba anakuja mtu kukusogezea. Mama Mpishi alimwambia yule mtu asijisumbue, akakisogeza mwenyewe kwa mkono mmoja. Tukaletewa menyu. Niliisoma bei kwanza, kutoka chini kwenda juu, kisha kutoka juu kwenda chini, nikitumaini upande mmoja utakuwa nafuu. Supu elfu kumi na nane. Samaki mzima wa kukaanga, na mchuzi wake, elfu sitini. Nilimnong'oneza kwamba samaki huyu Rubondo tungemnunua na ndugu zake wote. Hakucheka. Alisema anataka supu, halafu samaki. Mpishi, akasema, unamjua kwa supu.

Mkate ulikuja kabla ya kuuomba. Akakata kipande, akatafuna na macho yamefumbwa, akakiweka ukingoni mwa sahani yake. Nikauacha wangu. Mkono wangu ulikuwa umeshaufikia, nikaurudisha.

Supu ikaja. Akadondosha kidogo kwenye kiganja, pale pale katikati ya vitambaa vyeupe, akalamba, akafumba macho. Mhudumu, kijana mwenye fulana nyeusi na adabu nyingi, alisimama akisubiri. Meza ya jirani wakaacha kula wakatuangalia. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyozoea. Kisha akakilaza kijiko juu ya bakuli.

"Hapana chumvi humu," akasema.

Mhudumu akamsogezea kichupa cha chumvi. Akakitikisa juu ya bakuli. Nilihesabu mitikisiko kumi na saba. Akaonja tena, akanitazama, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa jina lake akageuka asione mtu.

"Hata hii chumvi yao, hapana kitu," akasema kwa sauti ndogo.

Hapo ndipo hasira ziliponipanda. Nikamuuliza mhudumu chumvi yao wameichanganya na unga wa muhogo, au ni vumbi la chaki. Elfu kumi na nane, maji ya moto. Supu zote mbili zikarudi jikoni. Baada ya dakika kumi na mbili zikarejea, na mhudumu akasema chef ameongeza. Mama Mpishi akaonja, akakilaza kijiko. Samaki wakaja, wamelala kwenye mchuzi wa rangi ya dhahabu, wamepambwa mpaka wakaonekana kama maarusi. Akaonja wake. Akavuta na sahani yangu, kama ilivyo haki yake, akaonja wangu. Uma ukalala juu ya samaki wa kwanza, kisha juu ya wa pili.

"Turudi nyumbani, mwanangu," akasema. Nikadhani ni hasira.

Meneja akaja. Sikumbuki kama nimewahi kupatana bei vizuri hivyo. Nilimwambia huyu mama amelisha watu wengi kuliko hoteli hii na hajawahi kurudishiwa sahani. Nilimwambia naweza kusimama pale mlangoni nikawaeleza wanaoingia. Nilimwambia mkate hatukuuomba, na elfu kumi na nane kwa mkate ni bei ya shamba la ngano. Na maji mawili, elfu kumi na mbili, hayo nayalipa, kwa sababu maji yalikuwa maji. Alitazama meza za jirani, akaniomba nishushe sauti. Nilimwambia ashushe bili, na mimi nitashusha. Tukakutana katikati.

Na kwa kuwa nilikuwa nimelipa nusu, nikadai nusu ya chakula. Meneja akasema tumekikataa. Nikasema tumekataa kukila, hatujakataa kukimiliki. Wakatufungia supu kwenye kikopo kimoja na samaki kwenye kingine, wakatoza elfu nne za vikopo, nikalipa ili nisionekane mtu wa kubishana.

Mama Mpishi alipanda gari akarudi Rubondo, viatu vipya kavipakata mapajani. Mimi nikarudi Kakiika na vikopo vyangu.

Nyumbani paka wa jirani alikuwa amekaa ngazini. Nilikusudia kumpa samaki, Wallahi. Nikafungua kikopo, harufu ikanipiga, na nilikuwa sijala tangu asubuhi. Rubondo ilikuwa mbali. Nikasema hakuna wa kuniona ila paka. Nikanyofoa kipande, nikala.

Nilikaa chini pale pale ngazini.

Alikuwa samaki mtamu kuliko wote niliowahi kula. Chumvi ilikuwa pale inapopaswa kuwa, ndimu ilikuja baada yake, halafu pilipili kwa mbali. Nikala kipande cha pili ili kuhakikisha. Nikahamia kwenye tumbo, mahali ambapo mpishi mvivu husahau, napo palikuwa pamekolea. Nikafungua supu. Hiyo ilikuwa ya bakuli la mitikisiko kumi na saba na nyongeza ya jikoni. Ilikuwa chungu kwa chumvi, haimezeki, paka aliinusa akaondoka.

Mimi hununua maharage kwa kung'ata. Kila gunia natoa punje tatu, ya juu, ya katikati na ya chini, naziweka jinoni nisikie kama zimekauka. Sijawahi kununua gunia kwa neno la mtu. Na siku ile nilikuwa nimemsimamia meneja, nimeangusha jina la mpishi wa watu, nimekata bili katikati, bila kugusa tone kwa ulimi wangu mwenyewe. Kichupa cha chumvi kilikuwa mbele yangu. Sikulamba hata kidole.

Halafu yale maharage ya ubatizo yakanirudia kooni, na ndoo nne za maji, na wagonjwa wote wale. Nikaelewa: mwenye ulimi mgonjwa alikuwa mmoja tu, naye ndiye mwenye mwiko.

Kesho yake nilikwenda hotelini, kwa mlango wa nyuma, ule wa magunia. Nilimuulizia mpishi. Akatoka mwanaume wa makamo, Mnyankole, taulo begani. Nilimwambia mimi ndiye wa jana, wa supu. Aliniangalia kama mtu anayepima anipige kwa mkono gani.

"Ssebo, bwana," akasema, "mimi ile supu nilionja. Samaki nilionja. Mara tatu nilionja. Sasa wewe unaniambia kitu gani?"

Nikamwambia samaki wake alikuwa mzuri. Akaniuliza kama nimetembea asubuhi yote kuja kumcheka. Meneja, akanieleza, hakutaka hasara. Elfu tisini na tatu zitakatwa kwenye mshahara wake mwisho wa mwezi. Alisema pesa ataipata tu, lakini kilichomuuma ni kingine. Usiku kucha amekuwa akilamba vitu jikoni kwake, chumvi, sukari, ndimu, akijiuliza kama ulimi wake umeharibika.

"Yule mama muzee," akasema, "alifunga macho kama mutu anajua. Mimi nikaamini yeye. Sikuamini mimi."

Sikuwa na pesa kamili mfukoni. Nilimwachia namba yangu, nikamwambia nitarudi. Alisema wote husema hivyo.

Rubondo nilifika siku ya tatu, asubuhi. Njiani nilikuwa nimepanga maneno, nikayapanga upya, nikatafuta yale yanayoweza kushushwa bei. Mama Mpishi alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, karibu na kisima, ungo wa maharage mapajani. Midomo yake haikuwa ikisali. Alikuwa akichambua tu. Akaingia ndani akanitengenezea chai ya maziwa, akanipa kikombe kikubwa, akakaa mbele yangu na kunitazama.

Nilipiga funda. Ilikuwa na chumvi. Chumvi ya kujaa, si ya bahati mbaya ya kidole. Nikameza. Akaendelea kunitazama. Nikapiga la pili, la tatu, nikainywa ile chai yote mpaka mwisho, na nikamrudishia kikombe kwa mikono miwili.

"Iko namna gani?" akauliza.

"Nzuri, Mama. Tamu."

Akakiweka kikombe chini taratibu.

"Hata wewe," akasema. "Nilitia chumvi kwa kusudi, vijiko vitatu. Nilikuwa nataka nijue nani ananidanganya. Jana nilimupa mujukuu wangu, akasema tamu. Nilimupa jirani, akaomba ya pili. Sasa wewe, mutu wa kubisha bei mpaka ya kiberiti."

Nilikuwa nimekuja kumpa habari mbaya kidogo kidogo, naye alikuwa nayo nzima.

Ndipo akanisimulia. Mwanzoni mwa mwaka alipatwa na mafua makali, na yalipoondoka yaliondoka na mdomo wake. Kahawa ikawa maji ya moto. Ndizi ikawa pamba. Kwenye kituo cha afya walimwambia angoje, hutokea, hurudi. Akangoja. Akaendelea kupika kwa ngumi: chumvi ngumi moja kwa sufuria, kama zamani, ila zamani baada ya ngumi kulikuwa na ulimi wa kusahihisha, na chumvi ya mwaka huu inatoka kwenye paketi nyingine, kali zaidi. Mbele ya watu alifumba macho kama kawaida, akasikiliza, hakusikia kitu, akagonga mara mbili. Akangoja mtu aseme. Hakuna aliyesema. Akaanza kujiambia kwamba labda hajaharibika yeye. Labda ni chumvi ya huku ndiyo mbovu, ya dukani kwetu, ya maskini.

"Nikasema hoteli hawanunue chumvi mubaya," akasema. "Nikasema ile ya matajiri nitaisikia. Ndiyo maana nilikupigia. Sikuja kula, mwanangu. Nilikuja kutafuta."

Aliposema hivyo niliona tena ule uso wake mezani, na kichupa kikitikiswa, na mimi nikipiga kelele za unga wa muhogo.

Nikamweleza kuhusu mpishi wa hoteli, mwanaume mzima anayelamba ndimu usiku kucha. Hilo ndilo lililomvunja. Yake alikuwa ameyasimulia macho makavu, lakini hapo alifunika uso kwa kitenge. Kisha akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga, akalimwaga ungoni juu ya maharage. Zilikuwa pesa za harusi. Akaniambia nihesabu, yeye hana hesabu. Nikahesabu elfu tisini na tatu, nikahesabu tena, kisha nikamrudishia nusu, nikamwambia mdomo uliopiga kelele pale ulikuwa wangu. Alibisha. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumshinda kwa bei, na ni kwa sababu alikuwa amechoka.

Mpishi wa hoteli nimeshampelekea. Alihesabu mbele yangu, jambo nililolipenda. Alipojua kisa chenyewe aliuliza kama yule mama angali anapika. Nikasema hilo ndilo linalotusumbua. Akasema akiombwa anaweza kuja Rubondo siku ya harusi, akae nyuma ya nyumba, aonje.

Nimempelekea Mama Mpishi neno hilo. Hakukataa, hakukubali. Anasema kuna njia tatu. Moja, asimame mbele ya wageni mia mbili aseme mdomo wake umeondoka, ampe mtu mwingine mwiko. Mbili, mpishi wa hoteli au mimi tukae nyuma, tukohoe mara moja kwa chumvi kidogo na mara mbili kwa chumvi tosha, naye afumbe macho kama zamani. Hiyo, anasema, ni kuwadanganya watu kwa kutumia desturi iliyowekwa ili wasidanganywe. Tatu, mdomo urudi kabla ya wiki tatu.

Nilipokuwa nikiaga alinishika mkono. Yeye hasomi, lakini anaamini kwamba watu wanaosoma wanajua mambo mengi, na mimi sijapata moyo wa kumwambia vinginevyo.

"Wewe unaandikaka," akasema. "Andika. Jina hapana. Ila waulize."

Basi nauliza. Kama ni wewe uliyealikwa harusini, ungetaka uambiwe, au ungetaka mwiko ugonge mara mbili ule? Na kama mdomo uliwahi kukuondoka kisha ukarudi, tafadhali tuambie ulikaa muda gani, na kitu cha kwanza ulichokisikia kilikuwa nini, ili nikamtafutie.